Nyayo ya Tairi la Mbele

Wiki yangu ya mwisho kazini, Kiprono, fundi wetu kijana, alifunga simu yake kwenye usukani wa pikipiki kwa raba, akaenda mpaka kwa daraja na kurudi. Akaniambia, "Mama Tabitha, hii spidomita inaongeza. Mshale unasema sitini, setilaiti inasema hamsini na tano." Nikamwuliza amejuaje kwamba setilaiti ndiyo inayosema kweli. Aliniangalia kwa huruma, akanionyesha kioo cha simu, na hapo ndipo nilipoamua kuwaandikia haya, ninyi vijana wa karakana. Kupima mnajua, hata kunishinda. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba kupima spidomita kuliwahi kuwa kazi ya hatari hapa Eldoret, na hatari yenyewe haikuwa barabarani.

Mambo ya vyeo na mshahara nitayaruka. Vyeo vilinipita vikiwa na haraka zao, na mshahara ulikuwa mambo ya siri kati yangu na duka la karibu.

Niliingia karakana hii ya serikali nikiwa msichana aliyetoka chuo cha ufundi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilitoka Kaptagat asubuhi na sanduku la spana ambalo baba yangu alinibebea mpaka barabarani. Mkuu wa karakana alinikaribisha vizuri sana, akanipeleka mpaka kwenye taipureta. Nikamwambia mimi ni fundi. Akafurahi, akaniuliza, "Fundi wa kushona?" Tulipoelewana hatimaye, alishika kichwa kidogo, kisha akakumbuka kwamba Mzee Wanjohi wa upande wa pikipiki alikuwa akiomba mtu mwepesi. Mtu mzito akiketi nyuma ya pikipiki analikandamiza tairi na kipimo kinaharibika. Kwa hivyo msidanganywe na wale wanaosema niliajiriwa kwa akili. Niliajiriwa kwa kilo.

Mzee Wanjohi alikuwa mtu wa Murang'a aliyekuja Eldoret zamani akimfuata mjomba wake mwenye duka, duka likafa, yeye akabaki. Alikuwa mzee wa kanisa, mfupi, koti la kaki limefungwa vifungo vyote hata kwenye joto, chaki nyuma ya sikio. Hakupenda maneno mengi, lakini alikuwa na sauti kubwa kwa sababu alikuwa amefanya kazi kando ya mashine ya kunolea kwa miaka mingi na masikio yalikuwa yamechoka. Siku ya kwanza hakuniuliza kwa nini msichana amekuja kutengeneza pikipiki. Alinipa stopwochi, ile saa ya walimu wa riadha, akaniambia, "Hii usiangushe. Mimi unaweza kuangusha."

Kazi yetu ilikuwa pikipiki zote za serikali katika wilaya: za mabwana shamba, za madaktari wa mifugo, za matarishi wa machifu, na za wakubwa waliopewa pikipiki kwa sababu gari lilikuwa bado njiani. Tulitoka nazo kwenye barabara ya Soy, mahali palipo sawa, Mzee akiendesha na mimi nyuma, suruali chini ya gauni ili kanisa lisipate la kusema. Kanisa lilisema hata hivyo. Mzee alishika mshale kwenye sitini asiuachie, mimi nikabonyeza saa kwenye alama ya kilomita moja na kuibonyeza tena kwenye alama inayofuata. Kama mshale ni mkweli, dakika moja kamili. Tulikwenda na kurudi, kwa sababu upepo wa Soy una upande wake.

Wakati fulani pikipiki zote za wilaya zilionekana kushikwa na uvivu mahali pamoja, na Mzee akashuka kutazama. Mkulima mmoja alikuwa ameng'oa nguzo ya kilomita ili afungie ng'ombe, na aliposikia serikali inaulizia akairudisha usiku huo huo, mahali alipodhani ilikuwa. Tangu siku hiyo Mzee alipima kilomita yake mwenyewe kwa mnyororo na kupaka rangi nyeupe kwenye kalvati. Alisema kalvati haina ng'ombe.

Nataka mwelewe jambo moja ambalo simu haitawaambia. Spidomita haijui barabara. Inajua tu gurudumu la mbele limezunguka mara ngapi, na kebo inapeleka habari hiyo juu kwa mshale. Tairi likiisha linakuwa dogo, linazunguka mara nyingi zaidi kwenda mahali pale pale, na mshale unajisifu. Upepo wa tairi ukipungua, mshale unajisifu zaidi. Na hata kutoka kiwandani mita huja na chumvi yake tayari. Miaka yote niliyofanya kazi sikukutana na spidomita iliyojipunguzia sifa.

Kwa hivyo kabla ya kutoka barabarani tulipima gurudumu lenyewe. Mzee alipaka chaki kwenye tairi la mbele, akaketi, mimi nikasukuma polepole. Chaki iligusa sakafu, gurudumu likazunguka, ikagusa tena. Kati ya alama hizo mbili ndipo palipokuwa na urefu wa mzunguko mmoja. Mzee aliita kipimo hicho nyayo. Mtu wa pwani angesema unyayo kwa moja na nyayo kwa nyingi, lakini sisi watu wa bara hatukuwa na muda wa kuhesabu. Kwetu ilikuwa nyayo moja, nyayo mbili, hii nyayo ni fupi, ile nyayo ni nzuri. Kwenye sakafu Mzee alikuwa amechora kwa rangi nyayo ya tairi jipya, na kila tairi lililoingia lililinganishwa na hiyo.

Ninyi mliozaliwa baadaye lazima niwaeleze. Neno hilo wakati ule lilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa Rais. Nchi nzima ilikuwa imeambiwa ifuate nyayo, na tulikuwa tukifuata kwa wimbo, kwa kidole kimoja juu, na kwa maziwa ya shule. Kulikuwa na chama kimoja, kwa hivyo hakuna aliyekiita jina. Ulisema "chama" na kila mtu alijua. Mzee Wanjohi naye alijua. Lakini alikuwa akisema nyayo ya tairi tangu kabla neno halijapandishwa cheo, na hakuna aliyemjulisha kwamba sasa linapigiwa saluti.

Aliyemjulisha alikuwa Katibu. Huyo alikuwa katibu wa chama wa tawi letu, na hakuna aliyemwita jina lingine; nasikia hata mkewe alimwita Katibu. Alikuwa na pikipiki nyekundu yenye kibendera, na kila mara alipofika karakana alitueleza jinsi alivyotoka Timboroa mia kwa saa, kona zote, bila kugusa breki. Siku moja mkuu wa karakana aliamuru mita yake ipimwe kama za wengine. Tulikwenda Soy na kurudi. Mzee akamwambia kwa heshima, "Katibu, hii mita inaongeza."

"Mita ya chama haiongezi," Katibu akasema.

"Ni ya chama, lakini inaongeza."

Tukaisukuma sakafuni ili aone. Mashine ya kunolea ilikuwa ikipiga kelele, Mzee amepiga magoti na utepe wa kupimia. Akanipigia ukelele kama kawaida yake, na saa ile ile aliyekuwa akinoa alizima mashine. Karakana nzima ikasikia:

"Nyayo imeisha! Toa hii, leta ingine!"

Katibu hakukasirika. Alitabasamu, akainama kidogo, akauliza, "Mzee, umesema?"

Mzee Wanjohi alidhani hakusikia. Alikuwa mtu wa adabu, akarudia. "Nimesema nyayo imeisha, Katibu. Hata ukifuata namna gani, hii haitakufikisha."

Walikuja alasiri hiyo hiyo, watu wawili wa usalama wenye makoti, kwa Landrova. Walisalimu kila mtu kwa mkono, na adabu hiyo ndiyo iliyonitisha. Mzee alivua koti lake la kaki, akalikunja, akanipa chaki na stopwochi. Nilitaka kusema kitu, kwamba ni tairi, kwamba mimi nilikuwa hapo, lakini nikaitia stopwochi mfukoni. Wengine waligundua ghafla kwamba wana kazi chini ya magari. Sijawahi kuona karakana ikifanya kazi kwa bidii namna ile.

Alirudi baada ya siku kadhaa, koti likimning'inia. Alikuwa ameonywa: akipatikana tena na maneno kama yale, kazi imekwenda, nyumba ya serikali aliyokaa na mkewe na watoto imekwenda, na yeye mwenyewe atakwenda, na safari hiyo hatarudi haraka. Ndani ya karakana hakufungua mdomo tena. Alinionyesha kwa kidole, kwa kichwa, kwa chaki. Barabarani tu, pikipiki ikinguruma na hakuna mtu ila mahindi, ndipo aliponiambia kidogo. "Waliniuliza ni nani alinituma niseme. Nikawaambia, tairi. Wakaandika. Wakaniuliza, Tairi ni nani, anaishi wapi." Nilicheka mpaka nikashika koti lake nisianguke, kisha nikaona mabega yake hayachezi, nikanyamaza. Nilimpenda yule mzee kama baba yangu, na niliwachukia wale watu wa adabu kwa moyo wangu wote. Bado nawachukia.

Mkuu wa karakana aliitisha mkutano. Akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kipimo kile kitaitwa "alama ya duara", na kwamba kwa usalama wa wote neno "imeisha" litumiwe kwa uangalifu. Watu walichukua uangalifu huo wakaenda nao mbali. Sukari ya chai haikuisha tena, ilikuwa "njiani". Betri haikuisha, "ilipumzika". Ruhusa ya mwaka ya dereva mmoja ilipokwisha, alikaa nyumbani mpaka akaja mwenyewe kuuliza kama bado anafanya kazi hapa.

Tatizo lilikuwa stoo. Hassan wa stoo, ambaye ndugu zake wote walikuwa na malori ya kwenda kaskazini, alikuwa mwangalifu kuliko sisi. Hakutoa tairi mpaka umwambie kwa mdomo sababu ya kulitaka. Nilikwenda kumwombea Katibu tairi jipya.

"Sababu gani, dada yangu?"

"Njoo uangalie lile la zamani, Hassan. Halina hata meno."

"Sitaki kuangalia. Nataka useme."

"Lime... liko njiani."

"Basi likifika utaniambia."

Pikipiki nyekundu ikaondoka na tairi lake la zamani na upepo wake mdogo, na vivyo hivyo zikaondoka nyingine. Kwa miezi ile wilaya nzima ilikuwa ikienda kasi kuliko wakati wowote, ukiuliza mishale. Mabwana shamba walichelewa kwenye mashamba wakashangaa, kwa maana walikuwa wamekimbia sana.

Kisha waziri fulani akaja kufungua soko. DC, yaani mkuu wa wilaya, alipanga mapokezi mwenyewe: waziri apokelewe Timboroa, msafara uongozwe na Katibu kwa pikipiki yake nyekundu yenye kibendera, mwendo wa sitini bila kupanda wala kushuka, na gari lolote lisimpite kiongozi wa msafara. Kwa sitini wangeingia uwanjani saa ileile iliyopangwa. Katibu alishika sitini kwa imani. Barabara ilijua ni hamsini, na pengine si hamsini kamili. Nyuma yake kulikuwa na magari mengi mazuri yenye mita nzuri, na kila dereva aliona mwendo halisi kwenye mita yake. Dereva mmoja aliniambia baadaye, "Niliona. Lakini wa mbele alikuwa mbele. Mimi nikaamua mita yangu ndiyo mbaya."

Huku mjini saa ya waziri ilifika bila waziri. Watoto wa shule walisimama kwenye mistari. Kwaya ilikuwa imeambiwa ianze kuimba mara tu gari la kwanza litakapotokea, ikaanza, ikampokea mtu wa lori la kabichi kwa beti zote. Alipunga mkono, maskini, angefanya nini? Mvua ya Eldoret haingoji wageni. Ilinyesha juu ya watoto, juu ya keki, na juu ya DC katika sare zake nyeupe. Waziri alipoingia alikuta mtu mmoja tu bado akipiga makofi, naye alikuwa akiua mbu.

Kesho yake asubuhi DC alikuja karakana mwenyewe, na askari wawili, na Katibu nyuma yao akisukuma pikipiki. Tulipangwa mstari. DC huyo alikuwa mtu wa haraka. Alizungumza kama aliyeacha gari likinguruma nje, na kweli aliliacha likinguruma.

"Huyu anasema alienda sitini," akasema. "Saa inasema hakuenda sitini. Mmoja wao ni mwongo. Nani anapima hizi mita?"

Mzee Wanjohi akatoka kwenye mstari. Nilielewa pale pale mtego aliosimama ndani yake: akieleza ubovu kwa neno lake, amerudia kosa, akinyamaza, ni yeye aliyemchelewesha waziri, na wakati ule kuchelewesha waziri kuliitwa kwa jina lingine refu zaidi.

"Mzee, hii pikipiki iko na shida gani?"

Mzee akalitazama lile tairi.

"Nimekuuliza. Ama ulifanya makusudi?"

Mzee akachukua chaki nyuma ya sikio. Akaniangalia, nikashika usukani. Tukafanya mbele ya DC kile tulichofanya kila siku: chaki kwenye tairi, chaki sakafuni, sukuma, chaki tena. Alama ya pili iliangukia nyuma kabisa ya ile iliyochorwa kwa rangi. Hata askari waliona.

"Hii ni nini?" DC akauliza.

"Katibu anaijua jina," Mzee akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ndani ya karakana tangu arudi.

Wote tukamwangalia Katibu. Jasho lilimtoka asubuhi ya baridi. Na hapo, wapendwa wenzangu, nikasikia kitu ambacho sijasikia tena Eldoret mpaka leo. Mtu wa bara alitafuta umoja wa neno na akaupata.

"Mheshimiwa, ni... ni unyayo. Unyayo wa tairi. Umekwisha."

"Unyayo? Unyayo ndiyo nini? Ongea Kiswahili, bwana!"

"Nyayo, sir," Katibu akasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Nyayo imefanya nini?"

"Imeisha, sir."

"Sasa kama nyayo imeisha mnaniangalia nini?" DC akapiga fimbo yake kwenye tanki la pikipiki. "Nyayo imeisha, toa, leta ingine! Mnangoja mpaka lini?"

Hakuna aliyesogea. Nje gari lake lilikuwa likinguruma, na ndani lilisikika hilo tu. Askari mmoja alimwangalia mwenzake, mwenzake akaangalia dari. Mkuu wa karakana alifumba macho. Niliona maneno yale yakimrudia DC polepole masikioni, moja moja, na uso wake ukabadilika rangi. Akaangalia chaki. Akamwangalia Katibu, ambaye alikuwa akiangalia viatu vyake. Fimbo ikarudi kwapani.

"Tairi," akasema. "Nimesema tairi."

"Ndiyo, Mheshimiwa," Mzee Wanjohi akamjibu kwa ile sauti yake kubwa ya zamani. "Tumesikia wote. Vizuri sana."

DC aliondoka bila kuaga, na Katibu akamfuata mbio, pikipiki akaiacha. Mzee alitembea mpaka stoo. Hassan akamwuliza sababu kwa mazoea, na Mzee akamwambia amuulize DC. Tairi lilitoka kabla hajamaliza sentensi. Hakuna aliyekuja kumchukua tena, kwa maana ingebidi wamchukue na mwenzake DC. Alifanya kazi mpaka akastaafu, akapata shamba lake kule Timboroa, na huko ndiko tulikomzika. Lakini msidhani alirudi alivyokuwa. Ukelele ule ulitoka siku ile moja. Baadaye alisema kwa sauti ya chini, na kabla ya kusema aligeuka kuangalia lango. Nami nikajifunza kwake hata hilo.

Nirudi kwa Kiprono na simu yake. Alishuka, akapiga magoti kando ya gurudumu, akapitisha kidole kwenye mpira. Kisha akapaza sauti karakana nzima ikasikia, mashine zote zikiwa zimezimwa, "Mama, hii imeisha! Toa, leta ingine!"

Niligeuka kuangalia lango. Lilikuwa wazi, na hapakuwa na mtu. Nikaenda kumletea.